Ng'ombe Kwenye Tundu la Pili

Nyumba yetu ina vyumba vinne. Ukipiga chafya sebuleni, aliye chumba cha mwisho anakwambia pole bila kupaza sauti. Kwa hiyo siku niliyofungua boksi kutoka Uingereza, nikatoa blanketi mbili, viatu vya watoto, na chini kabisa chombo cheusi kizito, kipana kama trei ya mkate, nikasoma kwenye kijitabu chake kwamba kazi yake ni kugawa muziki katika nyumba kubwa ili kila chumba kipate wimbo wake, nilicheka peke yangu. Kucheka peke yangu nilikuwa nimeshazoea. Mke wangu alikuwa amemaliza karibu miaka miwili huko, na watoto wetu wawili wako shule ya bweni.

Kazi yake ni kutunza wazee, na anaifanya usiku. Mzee mmoja aliyekuwa akimtunza alichukuliwa na binti yake, nyumba ikauzwa, na vitu vilivyokuwa ukutani vikawekwa nje vitupwe. Mke wangu hawezi kuona kitu kizima kikitupwa. Hata mimi alinipata hivyohivyo. Akakiomba, akakifunga, akampa mtu wa kwetu aliyekuwa anarudi.

"Si ulisema ukijenga utaweka muziki mpaka jikoni?" aliniuliza kwa simu.

"Nilisema hivyo nikitafuta mke. Hayo yalikuwa maneno ya kampeni."

"Basi sasa uko kwa kiti, timiza. Usikae tu."

Kukaa ndiyo kazi ninayoijua. Bomet naenda nikiwa na sababu, Kericho naenda nikiwa nimeitwa kwa barua, na Nairobi nilienda mara moja nikarudi kabla nguo nilizofua hazijakauka. Yeye ndiye wa kwenda. Alitoka Chebunyo, kule ng'ombe ni wengi na mvua ni mgeni, akaja kuolewa huku Merigi kwenye chai, akatoka tena akavuka bahari. Mimi nimebaki palepale kama mche wa chai, nakatwa kichwa kila baada ya muda ili nisirefuke. Kituoni tunakopeleka majani, wanaume wenzangu waliniambia mimi ndiye nimeolewa, na kwamba nikijifungua niwaite.

Mambo ya ule mtambo yalianzia kwenye usingizi wake. Alikuwa akitoka kazini asubuhi, anafunga mapazia, analala mchana, na usingizi haukuja. Alisema kule kuna kimya cha ajabu, kimya cha dirisha lenye vioo viwili. Nilikumbuka alipoletwa kwetu. Mvua yetu huja saa kumi jioni kama mwalimu wa zamu, na wiki za kwanza alikuwa akikaa kitandani ameshika shuka, akidhani mtu anatupia mabati mawe. Sasa mtu yuleyule ananiambia hawezi kulala bila mabati.

"Nirekodie mvua," alisema. "Dakika kumi tu."

"Nikurekodie, kwani mvua imekufa? Nitakuletea yenyewe."

Ndiyo shida yangu. Nikiombwa kikombe cha maji, nachimba kisima.

Nilisoma kile kijitabu siku tatu. Alama yangu ya fizikia ya kidato cha nne mwalimu aliiandika kwa penseli ili apate nafasi ya kunihurumia, lakini picha nilizielewa. Nyuma ya mtambo kuna matundu sita ya kuingizia sauti, na mengine manne ya kutolea. Wenyewe wanataka uingize redio, televisheni, kinanda, halafu utoe sauti chumbani, bafuni, bustanini. Nikaona nigeuze kila kitu. Zile sehemu za nyumba ndizo zitakuwa vyanzo. Mvua iingie, ng'ombe waingie, jiko la mama liingie, na tundu moja la kutolea liende kwenye simu yangu, na simu iende Uingereza.

Nilikibeba kwenye gunia hadi sokoni kwa fundi. Ni mama mmoja ambaye babu zake walihamia huku kutoka Mkoa wa Kati, na kazi yake kubwa ni kufufua vipaza sauti vya makanisa. Anaongea Kikipsigis, lugha yetu, kuliko mimi, hasa tukigombana. Nilipomweleza ninachotaka, aliweka bisibisi chini.

"Unataka ng'ombe apigie mama watoto simu."

"Asikike tu. Sijasema apige."

"Na wewe si una mdomo?"

"Yeye amezoea wangu."

Alikuja nyumbani siku iliyofuata na mkoba wa waya. Maiki moja alinisaidia kuipandisha kati ya dari na mabati. Ya pili tuliifunga kwenye nguzo ya banda, karibu na kichwa cha ng'ombe mweusi, yule ambaye mke wangu alimleta kutoka kwao akiwa ndama. Ya tatu ilikuwa ya jiko la mama yangu, ambalo liko ng'ambo ya uwanja, nyumba yake peke yake, na pale ilibidi tuombe ruhusa.

"Shosho," fundi akamwambia, jinsi kwao wanavyomwita bibi, "tunaweka hii hapa kwa ukuta, mke wa kijana wako akusikie."

Mama aliitazama. "Itasikia kila kitu?"

"Kila kitu."

"Hata nikimsema huyu?"

"Hata ukimsema."

"Basi weka karibu kidogo."

Kisha tukakaa sebuleni kupanga yale matundu. Mimi ndiye nilishika kitufe, yeye akaniongoza, kwa sababu alisema akinifanyia yote nitamsumbua hadi kanisani. Unabonyeza kitufe cha vyanzo ukikishikilia mpaka kioo kianze kupepesa. Unazungusha, unachagua tundu. Nyuma kuna kiswichi kidogo cha kuuambia mtambo kwamba hii ni maiki, si redio, kwa sababu sauti ya maiki ni nyonge na lazima isukumwe. Halafu unaliandikia tundu jina, herufi moja moja, zisizidi nane. Nikaandika MVUA. Nikaandika NGOMBE. Nikaandika JIKO. La nne likawa SIMU, ambalo lilikuwa la kuleta sauti ya mke wangu huku ili tumsikie kwa spika.

"Kila tundu ni kama mgeni," fundi alisema. "Unamuuliza anaitwa nani. Unaona anaongea kwa nguvu kiasi gani. Halafu unaamua, akifungua mdomo, wengine wanyamaze ama waendelee."

"Huyo wa wengine kunyamaza ni mama yangu."

"Mzee, nisikize. Hiyo inaitwa kipaumbele. Unampa mmoja peke yake. Akiongea, anakata wote, na anasikika..."

Hapo nilikuwa nimeshabonyeza. Nilimpa ng'ombe. Nikamwambia fundi kwamba kwenye boma hili ndiye pekee anayelipa kodi. Alicheka, akachukua chai, na sentensi yake haikumalizika. Naikumbuka sentensi ile hadi leo. Nimejaribu kuimalizia mara nyingi.

Nikaweka na spika tatu: moja jikoni kwa mama, moja bandani, moja veranda. Ya bandani ilituletea kisa siku hiyohiyo, kwa sababu maiki na spika zilipokaa pamoja zilianza kupigiana mayowe, ng'ombe akapiga teke ndoo. Fundi alirudi mbio akalifunga banda lisisikie sauti yake lenyewe. "Huko bandani," akasema, "itafika sauti ya mama watoto tu." Hilo lilinifurahisha. Yule mweusi alikuwa hajawahi kutulia vizuri kwa mkono wangu. Nilifikiri akisikia sauti anayoijua atashusha maziwa.

Alishusha. Sisemi hivi kujisifu, kwa sababu sifa si yangu. Siku ya kwanza mke wangu aliposema "sasa wewe, maskini, wanakukamua vibaya?" kutoka kwenye spika, mnyama yule aligeuza kichwa, masikio yakasimama, na kwa mara ya kwanza tangu mke wangu aondoke, niliona povu likifika ukingoni mwa ndoo. Nilikamua nimeinamisha uso. Moshi wa jikoni huwa unafika mpaka bandani ukivuma upepo. Siku hiyo hakukuwa na upepo.

Kwa wiki mbili mtambo ulifanya kazi. Saa kumi nikampa mvua, akalala. Jioni nikampa ng'ombe, akiwa anajiandaa kwenda kazini. Kabla ya ng'ombe nilimpa jiko. Mama amekuwa akituma salamu kwenye redio ya lugha yetu kwa miaka mingi, na alipoiona ile maiki alijua la kufanya. Alifuta mikono kwa leso, akakaa wima, akaanza: "Salamu hizi zimfikie mke wa kijana wangu aliye ng'ambo. Zikimfikia, awasalimie wazee anaowaosha, na awaambie tumeshukuru, kongoi. Nikiwa hapa jikoni, niko mzima, goti tu..." Na hapo ng'ombe analia. Kipaumbele kinafanya kazi yake. Goti la mama halikuwahi kufika Uingereza. Kila siku lilikatwa palepale.

"Ng'ombe yako haina adabu," mama aliniambia.

"Ni mtambo, mama."

"Mtambo ulifundishwa na nani?"

Kulikuwa na kasoro moja nyingine ambayo sikuihesabu kuwa kasoro. Ukichomeka waya kwenye simu yangu, simu inaziba mdomo wake yenyewe. Inapeleka tu kile kinacholetwa na waya. Kwa hiyo mke wangu alisikia mvua, akasikia ng'ombe, akasikia mama, lakini mimi niliyekaa kando ya mtambo hakunisikia. Tukitaka kuongea, nilikata, nikachomoa waya, nikapiga tena. Na tukipigiana hivyo, maongezi yalikuwa mafupi, kwa sababu yangu.

Niseme ukweli. Watu wa rika langu huku kwetu, au labda ni mimi tu na woga wangu, hatumwambii mke kwamba amekosekana. Tunamwambia ng'ombe amepunguza maziwa. Mke aliyezaliwa Chebunyo anaelewa. Anakuuliza amepunguza kiasi gani, unamjibu, na kwa kipimo hicho anajua hali yako. Nimeishi na lugha hiyo miaka kumi na tano na sikuwahi kuona upungufu wake.

Mpaka siku aliyoniambia, "Mkataba unaisha. Ijumaa wanataka sahihi. Miaka miwili mingine. Wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimesimama dirishani. Wale kina mama watatu wa jirani wanaonisaidia kuchuna majani walikuwa shambani, vikapu mgongoni, mikono yao ikienda juu ya chai kama kuku wanaodonoa.

"Yule mweusi amepunguza tena," nikasema.

"Amepunguza kiasi gani?"

"Jana hakufika nusu."

"Mpe chumvi."

"Nimempa."

"Basi," akasema, na tukaagana.

Usiku ule nilijigeuza kitandani nikijieleza mimi mwenyewe. Kwamba huko anapata kazi nzuri. Kwamba mwanaume wa kumwambia mke aache kazi arudi kumpikia ni wa zamani. Kwamba sitaki aje anilaumu. Hoja zote zilikuwa safi. Lakini nilijua kwamba kama ningekuwa na hoja kweli, ningelala.

Na sijasema habari ya chakula. Mwanaume mwenye nyumba yake hakai jikoni kwa mama kusubiri sufuria. Sikukaa. Mama alinipelekea sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, kila jioni, akivuka uwanja, na mimi nikaipokea mlangoni kama mtu anayepokea barua ya korti. Ugali wa mama ni mgumu. Ukiudondosha sakafuni unasikia. Nilikula miaka miwili bila kusema, na ndara za mke wangu zikabaki kando ya mlango zikielekea ndani, jinsi alivyoziacha. Nilikuwa nafagia nikizizunguka.

Ijumaa mvua haikuchelewa. Ilianza saa kumi kasoro, kubwa, ya mawe kidogo. Mtandao wa upande wetu wakati wa mvua huwa unakwenda kujikinga na wengine, na nilipiga mara saba kabla hajashika. Waya ulikuwa tayari umechomekwa. Nikaweka MVUA.

Alisikiliza muda mrefu. Nilimsikia akivuta pumzi, sauti yake ikitoka kwenye spika ya veranda.

"Mvua nimesikia," akasema. "Sasa nakusikiza wewe."

Nikajibu. Nikajibu vizuri tu, nimeelekeza mdomo kwenye simu.

"Hallo? Uko? Nasikia mabati tu."

Nikapaza sauti kama mtu anayefukuza nyani.

"Kama uko, huongei. Sawa. Labda ndiyo jibu."

Nikichomoa waya simu inakata. Ikikata, kumpata tena na mvua ile ni bahati, na alikuwa ameniambia anatoka mapema siku hiyo. Nikatazama majina kwenye kioo. MVUA. NGOMBE. JIKO. SIMU. Kila kitu katika boma hili kilikuwa na tundu lake isipokuwa mwenye boma. Ningeweza kwenda kuongea jikoni kwa mama, mbele ya mama. Au bandani.

Nilizima spika ya jikoni. Nikazima ya veranda. Nilitaka tubaki yeye na mimi, na ng'ombe ambaye hangesema. Nikaweka NGOMBE, nikavaa gunia kichwani, nikakimbia uwanjani kwenye matope, nikamsukuma yule mweusi ubavuni, nikaishika ile maiki kwenye nguzo.

"Niko," nikasema. "Niko hapa bandani."

"Huko bandani kuna nini?" Sauti yake ilitoka kwenye spika juu ya kichwa cha ng'ombe, na ng'ombe na mimi tuliinua uso pamoja.

"Huyu mweusi," nikaanza, "leo asubuhi..."

"Baba watoto."

"Eh."

"Ng'ombe nimemsikia wiki mbili. Ni mzima, anatafuna vizuri, anakohoa kidogo ukimpa nyasi kavu. Leo mwache ng'ombe apumzike. Ongea wewe."

Mvua ilipiga mabati ya banda. Yule mnyama alinipumulia shingoni. Lile jambo lilitoka kama jino, kwa kuvutwa na bila mpango.

"Rudi," nikasema. "Nyumba hii ni ndogo, unaijua, ukipiga chafya unaambiwa pole. Imekuwa kubwa. Nikiwa sebuleni sisikii chumba cha mwisho. Ndara zako sijazigusa, nafagia nikizizunguka, pamekuwa na vumbi la umbo la miguu yako. Sitaki spika zaidi. Nimechoka na ugali wa mama, ni mgumu, nautafuna kama adhabu, lakini si ugali. Ni kwamba naula peke yangu nikitazama mlango. Sijui kama ni haki kukuambia. Ulitaka niseme. Basi nimesema. Rudi nyumbani."

Kabla hajajibu nikasikia kitu kingine, kutoka upande wa nyumba, katikati ya kelele za mvua: watu wakicheka. Halafu wakanyamaza ghafla, jinsi watu wanavyonyamaza wakikanyagana miguu.

Wale wachunaji watatu. Mvua ya mawe ilikuwa imewafukuza shambani, wakaja kujikinga veranda kwangu, chini ya spika. Na hapo ndipo sentensi ya fundi ilipomalizika yenyewe kichwani mwangu. Aliyepewa kipaumbele anakata wote, na anasikika kila mahali, hata kule ulikozima.

Kila mahali maana yake ni jikoni pia.

Mama alitokea mlangoni mwa banda, leso kichwani, maji yakimtiririka puani. Kwenye mkono mmoja bado alikuwa ameshika mwiko.

"Weri," akaniita, yaani kijana, jinsi alivyoniita nikiwa mtoto. "Kama ugali wangu ni mgumu, ungesema mwaka wa kwanza. Ningeongeza maji."

"Mama..."

"Sogea."

Nikasogea. Ng'ombe pia akasogea. Mama akaisogelea maiki, akaifuta kwa ncha ya leso kama anavyofuta pua ya mtoto, na akakaa wima.

"Mimi sina neno," akamwambia mke wangu. "Kazi yako ni kazi nzuri. Sina neno kabisa. Nasema tu huyu mweusi, saa ya kukamuliwa, siku hizi anatazama barabara." Akajishika goti. "Na goti langu linauma. Nilikuwa nataka kukuambia siku nyingi."

Kwenye spika mke wangu alicheka. Kicheko kikaendelea zaidi ya kinavyotakiwa kuendelea, kikabadilika njiani, na tukamsikia akitafuta kitambaa. Mama aliangalia pembeni. Mimi niliangalia ndoo.

"Nimeweka sahihi," akasema. "Leo asubuhi, nikitoka kazini."

Nilikubali kwa kichwa, kana kwamba ananiona.

"Waliniwekea miaka miwili. Nikawaambia waandike mmoja. Ule mwingine niliuacha. Nilitaka kuona kama kuna mtu atauulizia."

"Nimeuulizia," nikasema.

"Nimesikia. Nadhani Merigi yote imesikia." Akapenga kamasi. "Huo mmoja lazima niumalize. Nimewapa neno langu."

"Umalize."

"Na wewe usiniletee tena habari ya ng'ombe."

"Kidogo tu."

"Kidogo sawa."

Mvua ilipokatika wale kina mama walitoka veranda na vikapu vyao. Walipita karibu nami kwa heshima kubwa sana, heshima ya msibani. Wa mwisho ndiye alishindwa kujizuia. "Baba watoto," akasema, "spika yako ni nzuri. Inasikika mpaka vumbi." Kufikia jioni kituoni walikuwa wameacha kuniuliza nitajifungua lini. Walikuwa wanaulizana wao kwa wao, kwa sauti yangu, kama ndara zimeguswa. Nimevumilia. Nilichokigundua ni kwamba mwanaume mmoja, wa makamo, mkewe yuko Nairobi, alinivuta kando akaniuliza mtambo wa namna hiyo unapatikana wapi.

Fundi alirudi kuniwekea maiki ya nne, kwenye tundu la tano, ya sebuleni, kando ya kiti changu. Alishazisikia habari, kwa soko lile hazikuhitaji waya. Kitufe alikishika yeye mwenyewe safari hii. Nilitaka kuandika jina langu, akanisukuma mkono, akaandika MKAAJI.

"Kipaumbele je?" akaniuliza. "Nikutolee ng'ombe, nikupe wewe?"

Nilifikiri. "Mwachie," nikasema. "Mimi nikipewa nitasikika hadi kanisani."

Mama sasa anaongeza maji kwenye ugali. Umekuwa uji mzito. Sijasema kitu, nangoja mwaka upite.

Ni miezi minne tangu siku hiyo. Ndara ziko palepale, lakini nimeanza kuziinua, kufagia chini yake, kuzirudisha. Saa kumi mvua ikianza, napiga, anashika akiwa tayari kitandani, pazia limefungwa. Nampa mabati kwanza. Halafu anasema, "Mkaaji," na nageuza kitufe kwenye tundu la tano.

Mara ya kwanza sikujua niseme nini. Mambo makubwa nilikuwa nimeyamaliza bandani, na habari za ng'ombe nimekatazwa. Nikachukua kilichokuwa karibu, kile kijitabu cha mtambo, nikaanza kumsomea, nikikitafsiri kadiri ya fizikia yangu. Jinsi ya kuchagua chanzo. Jinsi ya kukipa jina. Alilala kabla ya ukurasa wa tatu. Aliniambia kesho yake kwamba hajawahi kulala vile tangu aende, kwa hiyo ndicho ninachomsomea kila siku, tukirudia mwanzo tukifika mwisho.

Kuna ukurasa unaoeleza jinsi ya kuondoa kipaumbele. Tukiufikia, mara nyingi yule mweusi analia kule bandani, na sauti yangu inakatwa katikati ya neno. Nasubiri, kidole kwenye mstari. Mvua inapiga. Kwenye spika nasikia pumzi zake, na nyakati nyingine, akiwa usingizini, anacheka.